Barua ya wazi kwa wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na SADC: majina yetu atayasoma nani?

Mwanjelwa, Mbeya
27 Januari 2026

Waheshimiwa Marais,

Shikamooni. Kwetu Goma hatuna shikamoo. Hii nimeiokota hapa Mbeya kwa mama mwenye nyumba wangu, aliyeniambia kwamba barua inayokwenda kwa wakubwa bila salamu hiyo huishia njiani. Basi nimeitoa mapema, nisije nikalaumiwa kwa adabu wakati yako mengine ya kunilaumu.

Mimi ni mwandishi wa habari, Mkongo, mzaliwa wa Goma. Leo unatimia mwaka mmoja tangu mji wetu uangukie mikononi mwa waasi wa M23. Redio niliyoifanyia kazi siitaji, na jina langu siliweki, kwa sababu wenzangu wawili bado wako kule na mmoja wao ana watoto wanne. Karatasi zangu za kuishi hapa ziko sawa, kwa hiyo asije mtu akamsumbua mama wa watu.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ninyi wenyewe ndio mlioamua hivyo. SADC iliifanya lugha yake rasmi mwaka 2019, tena mkiwa Dar es Salaam. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata, na mwaka 2022 Kongo ikaingia humo na kuwa mwanachama wa saba. Lakini maazimio yenu juu yetu yalikuwa yakitufikia kwa Kiingereza au Kifaransa, usiku, zikiwa zimebaki dakika chache taarifa ianze, na sisi tukijitafsiria mezani kwa mwanga wa simu. Neno lililonitesa kuliko yote ni cessez-le-feu. Mara ya kwanza nilisema hewani "kusimamisha moto". Taarifa haijaisha, mzee mmoja wa Kanyaruchinya akapiga simu kwa furaha: kwa hiyo Nyiragongo imetulia? Mlima ule ulilipuka 2002 na 2021, na nyumba yake ya kwanza iliondoka na uji wa moto, kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki. Tangu siku ile nikawa nasema "kusitisha mapigano", na hakuna aliyepiga simu tena. Nimelisema mara nyingi mno, neno likachuja.

Sikuwa mwandishi mkubwa. Mtu akisikia mwandishi aliyekimbia vita anamfikiria mwenye fulana ya kuzuia risasi na kamera begani. Mimi kazi yangu ya kila jioni ilikuwa matangazo ya vifo.

Wenzetu wa Mbeya wanaelewa, kwa sababu na redio za hapa zina kipindi hicho, na watu hunyamaza kinapoanza. Mtu alikuja kwenye kidirisha chetu na kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la mtoto, analipa faranga zake chache, ananiandikisha: jina la marehemu, mtaa, baba yake nani, ameacha nani, msiba uko wapi, maziko saa ngapi. Halafu ile sehemu niliyoipenda kuliko zote: habari ziwafikie. Habari ziwafikie shangazi yake aliyeko Kiwanja, kaka yake aliyeko Walikale, wajukuu walioko Bukavu, na popote walipo. Kuna watu walikuwa wanataja ndugu hadi wa tatu na wa nne, na mimi nawaambia, mama, dakika zimekwisha, naye ananiambia, mwanangu, huyu wa mwisho asiposikia hatanisamehe. Nilikuwa nawasoma wote. Mkurugenzi wetu alinikaripia mara mbili kwa kula muda wa mpira.

Nilikuwa nayanakili yote kwenye daftari kubwa la jalada gumu, kwa sababu vikaratasi vinapotea na watu hurudi kuuliza. Daftari hilo ndilo lililonifundisha vita. Mwaka 2021 lilikuwa na malaria, uzazi, pikipiki, uzee. M23 waliposhika tena silaha Novemba mwaka ule, na hasa baada ya kuchukua Bunagana Juni 2022, matangazo yakaanza kubadilika mkao. Mahali pa maziko pakawa "tutawajulisha". Kisha pakawa "mwili haujapatikana". Kisha wakaja watu kutangaza msiba wa kijiji ambacho hakuna aliyeweza kurudi kuhakikisha, wakaniuliza, tunaweza kuandika "inasemekana"? Tangu lini tangazo la kifo likawa na inasemekana? Nilikataa kwanza. Baadaye nikakubali, kwa sababu yule mama alikuwa amelala njiani akitoka Masisi na alihitaji mahali pa kuliweka jina la mume wake.

Mei 2024 mabomu yalipoangukia kambi za wakimbizi wa ndani za Mugunga na Lac Vert, nilisoma matangazo bila kunyanyua macho. Wengi walikuwa watoto. Jina la mtoto ni fupi, halina cheo wala ameacha nani, linakwisha haraka kinywani.

Sasa nifike kwenye Januari. Minova ilianguka tarehe 21, Sake siku mbili baadaye, na Goma ikabaki kama mtu aliyeshikwa shingo. Umeme ukakatika, maji yakakatika, mtandao ukakatika. Tukawa tunarusha matangazo kwa betri za gari. Tarehe 27 asubuhi M23 walikuwa mjini. Siku hizo ndizo kidirisha chetu kilitakiwa kuwa na foleni kuliko siku zote tangu redio ianze, na hakukuja mtu hata mmoja. Nani angetoka? Wiki iliyofuata Umoja wa Mataifa ukasema miili 2,900. Kwenye gereza la Munzenze wanawake zaidi ya 100 walibakwa siku ya vurugu ile na wengi wao wakafia motoni. Mwishoni mwa Februari, Waziri Mkuu wetu alisema huko Geneva kwamba waliokufa mashariki tangu Januari walipita 7,000, na kwamba zaidi ya miili 2,500 ilizikwa bila kutambuliwa.

Bila kutambuliwa. Waheshimiwa, naomba mkae hapo kidogo. Goma si jangwa. Ni mji wa watu wanaojuana kwa ukoo, kwa kanisa, kwa parokia, kwa nani alimuuzia nani chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, mwaka gani. Kila mmoja kati ya wale 2,500 alikuwa na mtu ambaye angemtambua kwa kiatu. Kilichokosekana ni mahali pa kuulizia.

Na mahali hapo hapakufa kwa bahati mbaya. Kabla mji haujaanguka, simu ilinijia kutoka kwa ofisa mmoja: ukisoma tangazo la kifo, usitaje kijiji, maana ukitaja kijiji unamwambia adui amefika wapi. Mwanzoni mwa mwezi uleule Waziri wa Sheria wa Kinshasa alikuwa ametangaza hadharani kwamba atakayeripoti shughuli za jeshi la Rwanda na M23 ajue kuna hukumu ya kifo, na adhabu hiyo ilikuwa imeshafufuliwa tangu Machi 2024. Nikaanza kusoma misiba isiyo na mahali. Mji ulipobadilisha mikono wakaja wengine, hawa hawakupiga simu. Walikuwa vijana, wapole kwa namna ya kutisha, na walitaka kitu kimoja tu pale studio. Hawakutaka mitambo wala kompyuta. Walitaka daftari. Lina majina, lina mitaa, lina namba za simu za walioleta tangazo. Niliwaambia liliungua. Walinitazama kwa muda, wakaniambia watarudi.

Sitasema walikuwa wa nani. Si woga tu, ingawa woga upo. Ni kwamba nikisema, nusu yenu mtaikunja barua hii mkaiweka upande mmoja, na nusu nyingine mtaipeperusha. Nimeona inavyofanyika.

Niliondoka wiki ya pili ya Februari. Njia niliyopita siiandiki, kuna wengine wanaitumia. Nitaanzia Kigoma, nilipopanda basi la Mpanda, nikalala Sumbawanga, nikashuka Tunduma kwa mjomba wangu anayeuza vitenge, na mwishowe nikapanda hadi Mbeya kutafuta kazi. Wengi wa wenzangu wako Nyarugusu, kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Waliozaliwa humo sasa wanazaa humo.

Mbeya imenipokea. Niseme hilo kwa sauti. Watu hapa wananicheka Kiswahili changu, lakini kwa upendo. Nikisema "muzuri" na "aksanti", watoto wa jirani wananiiga mpaka jioni. Siku moja kijana wa bajaji alijisifu mbele yangu kwamba hii ndiyo Bongo, nikashindwa kujizuia kucheka, maana kwa Kiswahili cha kwetu bongo ni uongo. Nilipomweleza, akafikiri kidogo, akasema, basi kaka, hamjakosea sana. Baridi ya Juni sijaizoea. Lakini mlima Rungwe nao ni volkano, umelala, na udongo wake ni mweusi kama wetu, na viazi vinavyotoka humo vina ladha ya viazi vya Masisi. Kuna siku nimekula viazi hivyo nikaacha sahani katikati.

Kazi niliyopata ni kwenye steshenari. Nachapa barua za watu, natoa fotokopi, na kwa kuwa najua Kifaransa, madereva wa malori wananiletea karatasi za Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, niwasomee. Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo ninalotaka kuwaambia.

Nchi yangu inapita Mbeya kila siku ikiwa imefunikwa turubai. Si coltan ya Rubaya, ile ina njia zake nyingine na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameshaziandika. Hii ni shaba na kobalti ya Katanga, inatoka Kolwezi na Lubumbashi, inakatisha Zambia, inakaa foleni Nakonde na Tunduma hadi dereva anaota ndevu, kisha inashika barabara ya Dar es Salaam. Nimewasomea madereva karatasi zake. Zimeandikwa mzigo ni vipande vingapi, kila fungu na namba yake, uzito mpaka kilo ya mwisho. Lori hilo linapanda mizani Mpemba. Linapanda mizani Makambako. Linapanda mizani Wenda kabla ya Iringa. Uzito ukizidi, dereva analala hapo. Utingo mmoja aliniambia kwa hasira kwamba wamewahi kusimamishwa kwa sababu ya mvua iliyoingia kwenye turubai ikaongeza uzito. Sikumwamini, lakini nimelikumbuka.

Nchi zenu, basi, zina uwezo wa kuhesabu kitu kinachotoka Kongo. Uwezo huo upo, umejengwa, una wafanyakazi wa zamu ya usiku.

Sasa nizungumze mikutano. Tarehe 8 Februari 2025 mlikutana Dar es Salaam, jumuiya mbili kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nilikuwa bado Goma, nilisikiliza kwa redio ya betri nikiwa chini ya ngazi. Mliagiza mapigano yakome mara moja na bila masharti. Mliwapa wakuu wa majeshi siku tano wakutane. Mliagiza uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe na barabara zifunguliwe, mkazitaja barabara kwa majina, Sake, Rutshuru, Bunagana, Kanyabayonga. Nakiri nililia kidogo kusikia mtu wa Dar es Salaam anataja Kanyabayonga. Siku sita baadaye M23 walikuwa wanaingia Bukavu. Mwaka ukaisha uwanja ukiwa umefungwa.

Kisha tarehe 4 Desemba 2025 marais wawili, wa kwetu na wa Rwanda, wakasaini Washington mbele ya Rais wa Marekani. Siku sita baadaye M23 wakaingia Uvira. Siku sita tena. Siku hizi mama yangu akisikia mkataba anahesabu kwa vidole. Tukaambiwa waliochukua Uvira hawakuwa kwenye meza ile, meza yao ni ya Doha, kule Qatar. Baadaye tukaambiwa wanaondoka Uvira. Tukaambiwa hawajaondoka, wamevua sare tu. Tukaambiwa wameondoka kweli. Nina rafiki Uvira ambaye angeweza kutembea dakika ishirini na kunijibu, alikuwa mwandishi, sasa anauza mafuta ya kula na hataki kuulizwa.

Hapo ndipo penye kilio changu. Oktoba mwaka jana kule Doha ulisainiwa utaratibu wa kuangalia kama mapigano yamesimama. Una maofisa, una mashirika, una waangalizi. Watafika Masisi kwa helikopta, wakipewa ruhusa na kila upande, mchana, baada ya taarifa. Aliyeko Masisi usiku ni yule kijana wa redio ya kijiji mwenye kinasa sauti kilichofungwa kwa mpira. Huyo hayumo kwenye karatasi hata moja mliyoisaini. Na ndiye wa kwanza kunyamazishwa, na pande zote. Redio nyingi za vijijini Kivu ya Kaskazini ziliporwa mitambo, nyingine zimefungwa, nyingine zinaendelea kwa kusoma zinachopewa. Mkishasaini kwamba mapigano yamekoma, ni nani mliyemwacha kule wa kuwaambia kwamba hayajakoma?

Najua jibu lenu, na si la kipuuzi. Redio inaua. Waheshimiwa wawili au watatu kati yenu wanalijua hilo kuliko mimi. Redio RTLM ilisoma majina hewani Rwanda mwaka 1994, na yalikuwa majina ya watu wa kwenda kuuawa. Hata kwetu zipo sauti zinazomwita kila Mtutsi na kila Munyamulenge kuwa ni mgeni na nyoka, zimo kwenye simu za watu hivi sasa, na wapo waandishi wenzangu waliozipa muda kwa sababu zinapendwa. Siwatetei. Naona wanastahili mahakama. Lakini angalieni nani aliyebaki akisema baada ya sisi kunyamazishwa. Ujumbe wa chuki hauhitaji studio wala betri ya gari. Ulikuwa unaingia kwenye simu yangu siku zilezile ambazo mimi nilikatazwa kutaja kijiji.

Kwa wawili kati yenu nina neno la pembeni. Mheshimiwa wa Kigali, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2024 kwamba askari wako 3,000 hadi 4,000 walikuwa ndani ya nchi yetu. Umekanusha. Mheshimiwa wa Kinshasa, wataalamu haohao waliandika kwamba jeshi lako linashirikiana na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda; na wale wanamgambo, Wazalendo, uliowapa bunduki wanatoza watu barabarani kama wengine wanavyotoza. Mnakanushana miaka yote hii. Ruhusuni basi mtu wa tatu aangalie, asiye na bunduki, anayekaa palepale. Kama mnasema kweli, ana hasara gani kwenu?

Kwa Watanzania sina deni la maneno, nina deni la kweli. Mwaka 2013 vijana wa nchi hii, na wa Afrika Kusini na Malawi, walisaidia kuwatoa M23 kwetu, chini ya Mtanzania, Jenerali Mwakibolwa, na jina lile tulilitaja redioni kwa miezi. Desemba 2017 walikufa 15 kwa usiku mmoja pale Semuliki, upande wa Beni. Aprili 2024 kombora liliua watatu wa kikosi cha SADC. Waliobaki wakarudi mwaka jana kwa barabara, kupitia Rwanda hadi Chato. Hapa Mbeya nimewahi kuulizwa sokoni na mama mmoja muuza ndizi kama Goma ni pazuri. Nikamwambia ni pazuri, kuna ziwa, kuna visamaki vya sambaza vya kukaanga. Akasema mtoto wa dada yake alikuwa huko na hasemi chochote tangu arudi. Akaniongezea ndizi mbili. Sikujua niseme nini, nami ndiye niliyezoea kuwasomea watu misiba.

Jambo la mtandao wa hapa kuzimwa Oktoba 29 mwaka jana silisemi. Mgeni haulizi kwa nini taa za mwenyeji zimezimwa. Nasema tu kwamba siku zile sikupata sauti ya mama yangu, na yeye kule, aliyezoea kunihofia kwa sababu ya vita vyake, alikuwa ananihofia mimi niliyeko kwenye amani.

Mwezi wa tisa dereva mmoja alinipa lifti hadi Iringa, nikaenda Kalenga. Nilitaka kuliona fuvu la Mkwawa. Ni nyumba ndogo ya makumbusho, na fuvu liko ndani ya kioo, dogo kuliko nilivyofikiria. Mkwawa alikufa 1898 na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Jambo lililonisimamisha pale ni hili: Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga vita vya dunia na kugawa upya mipaka ya Ulaya, una ibara ya 246, na ibara hiyo inaiagiza Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Kichwa kimoja. Cha mtu wa Uhehe. Kati ya madeni ya mabilioni na meli na makaa ya mawe, mtu alikumbuka kuandika jina lake. Miezi sita ikawa miaka 35, fuvu lilirudi 1954, na wapo wanaobisha hadi leo kama ndilo. Na iwe. Jina liliandikwa, na kwa sababu liliandikwa, kulikuwa na kitu cha kudai kwa miaka 35.

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimesoma karatasi za Dar es Salaam, za Washington, za Doha, zote, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Hakuna hata moja yenye jina la marehemu wetu hata mmoja. Yamo majina ya barabara, ya madini, ya waliosaini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na najua litachekwa. Kwenye karatasi inayofuata, maana itakuwepo inayofuata, andikeni kwamba redio za vijijini za Kivu zitarudishiwa mitambo yao na waandishi wake watapita, kila upande, bila kuitwa wapelelezi, kama gari la msalaba mwekundu linavyopita. Kinshasa ifute kwa maandishi kile kitisho cha kifo. Wanaotawala Goma waseme kwa maandishi kwamba hawatachukua madaftari ya watu. Na ile tume yenu ya kuangalia mapigano ipewe kazi moja zaidi: kuandika majina ya waliozikwa bila kutambuliwa, na kuyasoma hewani, kwa Kiswahili, na mitaa yao. Msipofanya, ninyi wa SADC na Afrika Mashariki mtaendelea kupata habari za Kivu kutoka kwa wenye bunduki, na wenye bunduki wamewadanganya mara mbili kwa mwaka mmoja, kila mara ndani ya siku sita.

Bukavu iliwazika Serge Maheshe 2007 na Didace Namujimbo 2008, wote wawili wa Radio Okapi, wote wawili kwa risasi, usiku, karibu na nyumba. Wale walikuwa na redio ya Umoja wa Mataifa nyuma yao. Kijana wa Masisi hana mtu.

Mama yangu hunitumia ujumbe wa sauti karibu kila jioni. Hatuzungumzi vita, tunazungumza makala, yaani mkaa, maana bei yake inasema barabara ipi imefungwa. "Mwanangu, makala ya Masisi haikufika leo." Nimeelewa. Mabenki yamefungwa tangu mji uanguke, hela namtumia kwa simu kidogo kidogo, anakwenda kuzitoa kwa anayemwamini. Mwisho wa ujumbe, kila mara, anataja jina moja au mawili. Hatoi maelezo. Fulani wa Katindo. Mtoto wa fulani, yule wa pikipiki. Nayaandika.

Daftari halikuungua, waheshimiwa. Liko mahali. Lina kurasa nyingi ambazo hazijasomwa hewani, na nyuma nimeanza kuongeza karatasi za fotokopi za hapa kazini, ambazo bosi wangu bado hajagundua. Siku mtakayonipa dakika kumi na tano za jioni, redio yoyote, masafa yoyote yanayofika Goma, naanzia tarehe 27 Januari 2025, ukurasa wa kushoto, mstari wa kwanza. Na shangazi zao, na kaka zao, hadi wa nne, nitawasoma wote.